Kope la Monita

Nansio, Ukerewe
4 Machi 2024

Kwa Daktari wa Wanyama,
Kituo cha Kutunzia Wanyamapori, Mwanza.

YAH: TUMBILI WANGU

Mheshimiwa Daktari,

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha darasa la tatu hapa Nansio mpaka serikali iliponiambia inatosha. Wiki iliyopita askari wawili wa wanyamapori walikuja nyumbani kwangu wakamchukua tumbili wangu aitwaye Monita, wakamtia kwenye kizimba cha chuma na kupanda naye kivuko. Wameniambia yuko kwako.

Sibishani na sheria. Mnyama wa porini hafugwi bila kibali, na kibali sina. Lakini nataka ujue kwamba Monita hakuibwa. Mbwa walimuua mama yake kwenye shamba la mihogo la jirani, naye Monita alikuwa angali ananyonya. Mwanangu Alexander, aliyekuwa amekuja likizo, alimleta nyumbani ndani ya kofia. Nikamlea kwa maziwa na uji. Tulimwita Monita kwa sababu alipenda kukaa juu ya kabati na kututazama kama anayeandika majina ya wapiga kelele.

Naomba unijulishe kama anakula. Siku za mwisho alikuwa amekonda na manyoya yamefifia. Anapenda ndizi ndogo mbivu. Karanga hataki.

Usinipigie simu. Masikio yangu hayasikii, ni miaka mingi sasa. Mtu akisimama mbele yangu naweza kusoma midomo, lakini simu haina midomo. Barua iache kwenye ofisi ya vifurushi hapo bandarini, kivuko kitaileta.

Mwalimu Paskazia Machibya


Mwanza
8 Machi 2024

Mwalimu Paskazia, shikamoo.

Barua yako imenifikia. Mimi ndiye daktari wa hapa, naitwa Kokulinda Kaijage. Uheshimiwa tuuache, mimi ni wa umri wa wanao.

Monita anakula, ila kidogo. Tumemweka chumba cha peke yake, kama tunavyofanya kwa kila tumbili anayeingia hapa. Sitakuficha: anakohoa. Ni kikohozi kikavu, hasa asubuhi, na akipanda nguzo mara mbili anakaa chini kutafuta pumzi. Kwa sababu hiyo leo nimempima kifua kikuu.

Huenda kipimo chenyewe kikakushangaza. Tunadunga tone dogo la dawa ya kupimia kwenye kope la juu la jicho, kisha tunamtazama kila siku hadi siku ya tatu. Tumechagua kope kwa sababu linaonekana hata ukiwa nje ya kizimba, bila kumkamata tena na kumtesa. Likibaki kama lilivyo, tunashukuru. Likivimba na kulifunga jicho, maana yake mwili wake umeshakutana na ugonjwa.

Tumbili wa porini hapati kifua kikuu kirahisi. Mara nyingi hukipata kwa watu, au kwa maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa. Naomba uniambie: maziwa uliyomlea yalichemshwa? Kuna mtu nyumbani anayekohoa muda mrefu, anayetokwa jasho usiku au kukonda? Na Monita alikuwa akilala wapi?

Usinichukulie vibaya, Mwalimu. Ningemuuliza hivi hata mama yangu.

Dk. Kokulinda Kaijage


Nansio
12 Machi 2024

Dokta Kokulinda,

Marahaba.

Maziwa yalichemshwa. Nimefundisha watoto wa watu kuchemsha maziwa tangu wewe hujazaliwa.

Nyumbani tuko wawili, mimi na Alexander, ambaye amerudi moja kwa moja kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita. Hakuna anayekohoa. Alexander amekonda, lakini nani asiyekonda huko, wanakunywa uji na kulala kwenye maturubai. Monita alilala jikoni, kwenye kapu lake. Mimi sisikii, Dokta, lakini si kipofu. Mgonjwa akiwa ndani ya nyumba yangu nitamwona.

Niambie kuhusu kope.

Mwalimu P. Machibya


Mwanza
26 Machi 2024

Mwalimu Paskazia, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na majibu yote, na pia kwa sababu sikujua nianze vipi.

Siku ya kwanza kope lilikuwa jekundu kidogo. Siku ya pili lilivimba. Siku ya tatu jicho lilikuwa limefungwa kabisa, na Monita alikuwa amekaa pembeni akilikuna kwa kiganja. Kipimo hicho peke yake huweza kudanganya, kwa hiyo nilimlaza kwa dawa, nikampiga picha ya kifua, nikaosha koo lake kwa maji ya chumvi na kupeleka maji yale maabara. Picha ilionyesha pafu la kulia limejaa madoa. Maabara wamethibitisha ni kifua kikuu, tena cha binadamu, siyo cha ng'ombe. Na wamekuta kwamba dawa kubwa inayotibu ugonjwa huu haiviui vijidudu hivyo. Ni kifua kikuu sugu.

Mwalimu, Monita hayupo tena. Hatuna namna ya kumtibu mnyama kwa ugonjwa huu bila kumhatarisha anayemlisha, na hapa tuna tumbili wengine na watoto wa shule wanaokuja kutazama. Nilimchoma sindano ya usingizi mwenyewe Jumanne iliyopita asubuhi. Okwach, anayetunza wanyama, alimpa ndizi kwanza. Monita alishika kidole changu mpaka alipolala. Nimefanya kazi hii miaka kumi na bado sijajua kuifanya bila kuumwa.

Mimi na Okwach tumepimwa na tuko salama. Sasa nirudi kwenu. Monita hakuugua peke yake. Kuna mtu alimpa. Mtu huyo ni mgonjwa zaidi kuliko anavyofikiri, na anahitaji dawa tofauti na zile za kawaida. Sheria inanitaka nitoe taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya, na nimeshaitoa. Mhudumu wa afya atakuja nyumbani kuchukua makohozi yenu. Nakuomba umpokee vizuri.

Pole sana.

Kokulinda


Nansio
30 Machi 2024

Dokta mwanangu,

Nimelia, halafu nimekaa nikafikiri. Nitakuandikia jambo ambalo sijamwandikia mtu, na nakuomba Alexander asilijue.

Mtu unayemtafuta ni mimi.

Mwaka wa tisini na sita niliugua kifua kikuu. Nilitibiwa, kikarudi, wakanipeleka kwenye sindano. Kila asubuhi sindano, miezi. Nilipona kifua, lakini masikio yakaanza kupiga filimbi, kisha yakanyamaza. Shuleni nilisema ni malaria na kwinini. Ningesema ukweli, wazazi wangewaondoa watoto wao darasani kwangu, na mume wangu alikuwa ameshafariki, hatukuwa na mshahara mwingine. Nimeishi na uongo huo mpaka umekuwa kama jina langu.

Sasa ugonjwa umerudi, nadhani, kimyakimya, bila kikohozi. Nilimbeba Monita mgongoni kama mtoto. Nilimtafunia ndizi. Ni mimi niliyemuua, siyo sindano yako.

Siogopi kufa, nina miaka sabini na mbili. Ninaogopa kwamba nimempa na Alexander. Kama ni hivyo niambie wewe kwanza. Usimwandikie yeye. Amerudi nyumbani kupumzika, ana mawazo yake, usiku anakaa nje peke yake. Mwache.

Mama yako,
Paskazia


Nansio
30 Machi 2024

Daktari Kaijage,

Shikamoo. Mimi ni Alexander, mtoto wa Mwalimu Paskazia. Barua yako ya mwisho ilikuwa mezani, mama alinionyesha ile sehemu ya Monita kufa, akakunja iliyobaki. Nikaisoma yote alipokwenda kanisani.

Ni mimi. Nilianza kukohoa nikiwa Geita, ndani ya maduara ya kuchimbia dhahabu. Zahanati walinipa vidonge, nikavimeza mpaka nikapata nguvu, halafu dhahabu ikaonekana upande mwingine, tukahama kambi, vidonge nikaviacha. Nimerudi nyumbani kifua kikiwa kibaya zaidi. Monita hakulala jikoni. Mama akishalala nilimchukua, alilala juu ya kifua changu kwa sababu ya joto. Nina homa kila jioni, yeye aliipenda.

Mama hajui. Nikitaka kukohoa namgeuzia mgongo, au natoka nje. Ni rahisi kumficha mtu asiyesikia, na kila ninapofanya hivyo najiona mwizi.

Nakuomba kitu kimoja. Mwambie maabara walikosea, ilitoka kwa ng'ombe, au kwa askari waliomchukua, vyovyote. Mimi nilikuwa na miaka minane alipokuwa akichomwa zile sindano. Nilimsindikiza kila asubuhi, nilibeba mwavuli wake. Siku moja nilimwita tukiwa njiani hakugeuka. Nilimwita tena. Tangu siku hiyo mimi ndiye masikio yake. Mlango ukigongwa nasikia mimi. Nikichomwa zile sindano nikawa kiziwi na mimi, nyumba ile itakuwaje? Bora niondoke na kifua changu.

Alexander


Mwanza
2 Aprili 2024

Kwa Mwalimu Paskazia,

Shikamoo, Mama. Asante kwa kuniamini. Siwezi kukuambia ni wewe, wala siwezi kukuambia si wewe, mpaka upimwe. Ugonjwa uliopona miaka hiyo unaweza kurudi, lakini mara nyingi haurudi. Mhudumu akifika, mpe makohozi, na mwambie ukweli wa mwaka wa tisini na sita. Atakuwa ameusikia kwa wengine wengi.

Nakuomba usijihukumu kabla ya majibu.

Kokulinda


Mwanza
2 Aprili 2024

Kwa Alexander,

Marahaba. Sitamwambia mama yako uongo wa ng'ombe. Sitamwambia na siri yako pia, hiyo ni yako kuisema. Lakini taarifa imeshafika wilayani, na hata ningeweza kuirudisha nisingeirudisha. Unalala chumba cha pili na mama wa miaka sabini na mbili ambaye mapafu yake yamewahi kuugua. Kila ukiingia ndani unamkaribia na kitu hicho.

Sasa nisikilize kwenye hili, kwa sababu naona ndilo linalokukimbiza. Sindano zile hazitumiki tena. Nimemuuliza daktari wa kifua kikuu hapa mjini kabla ya kukuandikia, nisije nikakupa maneno matupu. Kifua kikuu sugu siku hizi kinatibiwa kwa vidonge tu, kama miezi sita, unapimwa mara kwa mara. Vina taabu yake, tumbo, miguu kuwaka moto, na wengine hubadilishiwa dawa katikati. Masikio yako havitayagusa.

Usiondoke. Ukiondoka ugonjwa unaondoka na wewe, unakwenda kwa mtu mwingine.

Dk. Kaijage


Nansio
16 Aprili 2024

Dokta mwanangu,

Mhudumu alikuja. Msichana mpole, anaandika haraka. Nilimweleza yote, hata yale ya zamani, akaandika bila kunitazama vibaya. Majibu yangu yametoka. Sina ugonjwa. Walirudia mara ya pili kwa sababu niliwasumbua, na picha ya kifua wamenipiga. Kuna makovu ya zamani tu.

Alexander hakuwepo. Aliondoka siku mbili kabla mhudumu hajafika. Aliniambia anakwenda Bunda kuona rafiki. Niliisoma midomo yake na niliona inasema uongo, lakini nilidhani ni mambo ya mwanamke.

Nilipoletewa majibu nilikaa jikoni. Nyumba hii ina watu wawili. Kama siyo mimi, ni nani. Nilikwenda chumbani kwake nikafunua godoro. Foronya ameifua mpaka imechanika, na doa halijatoka. Kwenye blanketi kuna manyoya ya Monita, mengi, upande wa kifuani.

Miezi yote hii mwanangu amekohoa mita tatu kutoka kitandani kwangu. Majirani walimsikia. Muuza maziwa alimsikia. Nilikuandikia kwa kiburi kwamba mgonjwa akiwa ndani ya nyumba yangu nitamwona.

Barua uliyomwandikia ilifika akiwa ameshaondoka. Nakurudishia, sikuifungua. Yaliyomo nayajua.

Ana rafiki anaitwa Mayala, anabeba magunia ya dagaa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba. Kama yuko mahali, yuko kwake. Mimi nikienda atanikimbia. Nenda wewe, nakuomba. Najua si kazi yako, kazi yako ni wanyama.

Paskazia


Mwanza
21 Aprili 2024

Mama,

Nimemwona. Yuko hai, anatembea, lakini nguo zinamning'inia.

Nilifika Mwaloni asubuhi, nimevaa barakoa, wabebaji wakanicheka kwamba nimeogopa harufu ya dagaa. Mayala alinielekeza nyuma ya ghala. Alexander alikuwa amekaa peke yake juu ya magunia, mbali na wenzake. Hilo nililiona kwanza: amejitenga mwenyewe. Anakula peke yake, analala nje chini ya kibanda ili asimpe Mayala.

Nilimwambia mimi ni nani. Akauliza, "Mama amejua?"

Nikasema, "Amepimwa mara mbili. Hana."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Aliinamisha kichwa katikati ya magoti, nikadhani anakohoa. Alikuwa analia. Alipoinuka akasema, "Nilijua nimemuua. Nilikuwa nangoja kusikia msiba."

Nikampa barua uliyoirudisha. Akaisoma pale pale. Akauliza kuhusu sindano, nikamwambia hazipo. "Wewe ni daktari wa tumbili," akasema, siyo kwa dharau. Nikamwambia ndiyo, na tumbili ndiye aliyetuonyesha dawa gani haitamsaidia, kwa hiyo ataanza moja kwa moja na zile zinazoweza. Wengine hupoteza miezi kabla ya kulijua hilo.

Mama, sikufanikiwa. Alisema atafikiri. Nilimwambia twende sasa hivi, hospitali ni karibu, nitakaa naye. Akasema, "Siwezi kuingia pale wakati sijamwona mama usoni, na usoni kwake siwezi kwenda." Akajifunika koti. Nilibaki nimesimama mpaka magunia yakaanza kupakiwa kwenye lori, wakaniomba nipishe njia.

Mwandikie. Nitampelekea mwenyewe.

Koku


Nansio
24 Aprili 2024

Alexander mwanangu,

Umri wako ni mkubwa, siwezi kukuchapa, na kama ningeweza ningeanza na mimi.

Ulinificha ugonjwa wako kwa miezi. Mimi nimewaficha watu wangu kwa miaka ishirini na nane, na wewe ulikuwa pembeni yangu ukinisaidia kuficha, mtoto wa miaka minane. Nilikufundisha kusema kwinini. Uliambiwa na wenzako kwamba mama yako ni kiziwi, ukasema, "Ni kwinini." Sasa najua ulijifunza vizuri.

Tangu utotoni umejifanya masikio yangu. Sikiliza basi. Kabla hujawa masikio yangu, sindano zile zilikuwa zimenipa uchaguzi mmoja: masikio, au wewe ubaki yatima kabisa. Hakuna aliyenichagulia, nilichagua mwenyewe. Nesi aliniambia baada ya mwezi wa kwanza, "Mwalimu, tukiendelea utaziba." Nikamwambia endelea. Ningeambiwa leo nichague tena, ningenyoosha mkono ule ule.

Ninachojutia ni kimoja. Sauti yako ilipobadilika na kuwa ya mwanaume sikuisikia. Sijui inafananaje. Nimewauliza watu, wananiambia ni nzito kama ya baba yako, lakini hilo ni la kuambiwa. Kikohozi chako pia ilibidi niambiwe na muuza maziwa. Nimechoka kuambiwa.

Kuhusu Monita, hukumuua. Ulimpa joto, na yeye akakupa. Nimemlilia, nimemaliza.

Nitapanda kivuko na barua hii, nimkabidhi Dokta mkononi. Dokta akikupa barua hii, mimi nimekaa kwenye mgahawa ulio nje ya geti la Mwaloni, nimevaa kitenge cha bluu. Sitaingia ndani kukutafuta. Usoni kwangu umesema huwezi kuja. Basi njoo ukae upande wa mgongo wangu, kisha twende wote hospitali.

Mama


Mwanza
14 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Leo wametoa majibu ya makohozi ya mwezi huu. Hayana kitu tena, kwa mara ya pili mfululizo. Daktari hapa hospitalini hataki kusema nimepona, anasema bado miezi, na mwenzangu wa kitanda cha dirishani alikuwa hana kitu mwezi wa tano, sasa amerudiwa. Kwa hiyo sisherehekei. Miguu inawaka, hasa nikilala, wamepunguza dozi ya kidonge kimoja. Chakula cha asubuhi bado kinarudi siku nyingine. Masikio yanasikia kila kitu, hata mlinzi anavyokoroma.

Dokta Koku alipita juzi. Amesema tumbili wote wa pale kituoni wamepimwa kope upya na hakuna aliyevimba.

Mama, ulipokuja mara ya mwisho uliondoka umenuna, na nilijua sababu. Ulikaa kwenye benchi saa nzima ukitazama barakoa yangu. Nilikuwa naongea, niliongea sana siku ile, nilikuambia mambo ya Geita, na ya siku niliyoondoka nyumbani, na ulikuwa unaitikia kwa kichwa. Nilipomaliza nikakumbuka hukuwa umeona hata neno. Hukutaka kuniambia. Nikaona aibu kurudia kwa kuandika.

Nesi amesema kwa majibu haya, tukikaa nje uwanjani penye upepo, wewe kule mimi huku, naweza kuivua barakoa.

Njoo Jumamosi kwa kivuko cha asubuhi. Nitakaa upande unaopigwa na jua. Nitasema polepole, na mambo yale yote nitayaanza upya.

Mwanao,
Alexander